Carl Koller: matone ya jicho yaliyofungua njia ya pumzi

Katika mwezi wa tisa mwaka wa 1884, munganga kijana wa miaka 26 alitia matone machache ya kokaini katika jicho la chura. Ilikuwa ndani ya chumba cha majaribio katika muji wa Vienna, inchi ya Austria. Nyuma ya dakika moja hivi, akagusa lile jicho na ncha ya sindano. Chura hakutikisika. Tangu ile siku, wanganga wakapata kitu ambacho hawakukuwa nacho: dawa inayoondoa maumivu mahali pamoja tu, bila kumlalisha mgonjwa mzima.

Jina la ule kijana ni Carl Koller. Jicho njo lilikuwa la kwanza kufaidika na kazi yake. Lakini mbele ya ule mwaka kuisha, dawa yake ilikuwa imekwisha kufika kwenye koo. Ndiyo maana leo, mtu akiletwa hospitalini na taya limevunjika, ao uso umeungua, ao shingo imevimba mpaka anakosa hewa, munganga mwenye vifaa anaweza kumpulizia dawa ndani ya koo na kumpitishia mpira wa kupumulia akiwa bado macho. Mgonjwa kama huyo, ukimlalisha kwanza, unaweza kumpoteza.

Watu wengi wamesikia jina la Sigmund Freud, aliyekuwa rafiki wa Koller. Koller mwenyewe hajulikani sana nje ya hospitali. Na maisha yake hayakukuwa marahisi: alivumbua kitu kilichoenea duniani kwa majuma machache tu, lakini kazi aliyoitafuta katika muji wake hakuipata, na mwishowe akauhama.

Kijana aliyetaka kazi ya macho

Koller alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka wa 1857, katika muji mdogo wa Schüttenhofen, eneo la Bohemia. Leo ule muji unaitwa Sušice na uko katika Jamhuri ya Cheki. Wakati ule, eneo lote lilikuwa chini ya kaisari wa Austria. Jamaa yake ilikuwa ya Wayahudi. Koller alikulia Vienna, akasoma udaktari katika chuo kikuu cha pale, na akamaliza mwaka wa 1882.

Kisha hapo akaanza kutumika katika Hospitali Kuu ya Vienna, moja ya hospitali zilizojulikana sana Ulaya. Vijana wengi waliomaliza masomo walikuwa wanagombania nafasi chache. Koller alitaka nafasi ya msaidizi katika kitengo cha macho. Ili kuipata ile nafasi, ilimpasa mtu aonyeshe kazi kubwa, uvumbuzi ambao wakubwa wangeuona na kuutaja. Basi, mbali na kazi ya wagonjwa, Koller alikuwa anaingia pia katika chumba cha majaribio cha profesa Salomon Stricker.

Wakati ule, wanganga walikuwa wamekwisha kujua namna ya kumlalisha mgonjwa mbele ya kumpasua. Dawa ya eta ilionyeshwa mbele ya watu katika muji wa Boston, Marekani, mwaka wa 1846, na klorofomu ikafuata mwaka wa 1847. Dawa hizo ziliokoa watu wengi na mateso. Lakini kwa macho, zilikuwa na shida. Munganga wa macho anahitaji mgonjwa anayesikia, anayeweza kuangalia juu ao chini akiambiwa. Tena, mgonjwa aliyelalishwa kwa eta mara nyingi aliamka na kichefuchefu na kutapika. Kutapika kunasukuma nguvu ndani ya jicho, na kidonda kilichopasuliwa sasa hivi kinaweza kuharibika.

Kwa hiyo wagonjwa wengi wa macho walipasuliwa wakiwa macho, bila dawa yoyote, wasaidizi wakiwashika kichwa na mikono. Koller aliona kwamba inahitajika dawa ya kufisha jicho peke yake. Akajaribu morfini na dawa zingine katika macho ya wanyama. Hakuna iliyofaa. Akaacha kwa muda, lakini ulizo lilibaki ndani ya kichwa chake.

Ulimi uliokufa ganzi

Wenyeji wa milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, walikuwa wanatafuna majani ya koka tangu karne nyingi ili kupambana na njaa na uchovu. Mwaka wa 1860 hivi, mtaalamu wa kemia Albert Niemann, katika chuo kikuu cha Göttingen kule Ujerumani, alitoa ndani ya yale majani unga mweupe, akauita kokaini. Niemann mwenyewe aliona kwamba akiweka ule unga kwenye ulimi, ulimi unakufa ganzi. Aliandika jambo hilo. Watu wengine wakaliona pia. Lakini ilipita karibu miaka 25 bila mtu kuligeuza kuwa njia ya kupasua wagonjwa bila maumivu.

Mwaka wa 1884, Freud, aliyekuwa munganga kijana katika hospitali ile ile, alianza kupenda sana mambo ya kokaini. Aliamini kwamba inaweza kutia watu nguvu, na hata kuwaponya wale walioshikwa na mazoea ya morfini. Katika mwezi wa saba alitoa maandiko marefu juu ya koka. Akamwomba Koller wafanye pamoja majaribio: wanameza kokaini, kisha wanapima nguvu za misuli yao. Kila aliyeimeza alisikia midomo na ulimi vimekufa ganzi. Wengi walichukua hiyo kama usumbufu mdogo tu.

Kisha Freud akaenda Ujerumani kumtembelea mchumba wake. Koller akabaki Vienna. Siku moja, mwenzake mmoja alionja kokaini akasema kwamba ulimi wake hausikii kitu. Koller akajibu kwamba ni hivyo kwa kila mtu aliyeionja. Pale pale akaelewa kwamba dawa aliyoitafuta kwa ajili ya jicho, kumbe alikuwa nayo mfukoni.

Tofauti ya Koller na wale waliomtangulia ni moja. Hao wengine waliona ganzi wakati walikuwa wanatafuta kitu kingine. Koller alikuwa amekwisha kutafuta ganzi kwa bidii, akashindwa mara nyingi, na kwa hiyo alijua thamani yake alipoiona.

Alikimbia mpaka kwenye chumba cha Stricker. Munganga Gustav Gärtner, aliyekuwa pale, akawa shahidi wa jaribio. Wakayeyusha unga kidogo katika maji, wakatia matone katika jicho la chura, wakangoja. Jicho likaguswa, likakwaruzwa: chura akatulia. Jicho lingine, lisilotiwa dawa, likiguswa kidogo tu, chura anaruka. Wakafanya vile vile kwa sungura na kwa mbwa. Mwisho wakatiana dawa wao wenyewe, wakagusa macho yao na kichwa cha pini. Hawakusikia kitu.

Hakukuwa na feza ya safari

Mkutano wa wanganga wa macho ulikuwa karibu kufanyika Heidelberg, kule Ujerumani. Pale ndipo habari kama ile ilipaswa kutangazwa. Lakini Koller hakukuwa na feza ya safari. Munganga Josef Brettauer wa muji wa Trieste alikuwa anapita Vienna akielekea kwenye ule mkutano. Koller akampa karatasi zake. Tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka wa 1884, Brettauer akazisoma mbele ya wanganga wakubwa wa macho, na akawaonyesha namna dawa inavyotenda.

Habari ilienda mbio. Wakati ule hakukuwa na redio wala simu kati ya Ulaya na Marekani, lakini mbele ya mwezi wa kumi kuisha, gazeti la wanganga kule New York lilikuwa limekwisha kuandika juu yake, na wanganga wa pande nyingi walikuwa wameanza kujaribu. Tarehe 17 mwezi wa 10, Koller mwenyewe alisimama mbele ya Chama cha Wanganga cha Vienna, akaeleza kazi yake.

Ile siku kulitokea pia mashindano kidogo. Munganga wa macho Leopold Königstein, rafiki mwingine wa Freud, alikuwa amefanya majaribio ya namna moja, na watu wakajiuliza nani alikuwa wa kwanza. Mwishowe Königstein alikubali kwamba ni Koller. Mwaka uliofuata, baba ya Freud alipasuliwa jicho. Königstein akapasua, Koller akatia dawa, na Freud alikuwa pale. Watu watatu ambao kokaini iliwaunganisha wakakutana mbele ya mgonjwa mmoja.

Toka kwenye jicho mpaka kwenye koo

Koo ni mlinzi mkali. Mungu ametupa koo linalokataa kila kitu kisicho hewa, chakula ao maji. Kitu kikigusa nyuma ya ulimi, mtu anataka kutapika. Kikigusa mlango wa bomba la hewa, anakohoa kwa nguvu na ule mlango unajifunga. Ulinzi huo unatuokoa kila siku, maana unazuia mate na chakula visiingie katika mapafu. Lakini kwa munganga anayetaka kuangalia ndani ao kupitisha mpira, unakuwa ukuta.

Mbele ya mwaka wa 1884, wanganga walijaribu kuupita ule ukuta kwa uvumilivu tu. Tangu miaka ya 1850, shukrani kwa kioo kidogo alichotumia mwalimu wa kuimba Manuel García, waliweza kuona mlango wa sauti. Kuona ni jambo moja, kugusa ni lingine. Mgonjwa aliyekuwa na uvimbe pale alilazimika kuzoezwa siku kwa siku, chombo kikigusishwa kooni mara nyingi, mpaka koo lizoee.

Mwaka wa 1878, katika muji wa Glasgow, inchi ya Scotland, munganga William Macewen alitaka kumpasua mtu mwenye kansa nyuma ya ulimi. Aliogopa damu isishuke katika mapafu. Akapitisha mpira kwa vidole vyake, toka kinywani mpaka ndani ya bomba la hewa, mgonjwa akiwa macho, bila dawa ya ganzi hata kidogo. Kisha ndipo klorofomu ikapita katika ule mpira. Mgonjwa alikuwa amejizoeza mbele ya siku ya kupasuliwa. Mtu anaweza kufikiri mwenyewe ushujaa uliotakiwa.

Miaka sita tu nyuma ya pale, dawa ya Koller ikafika. Katika mwaka ule ule wa 1884, munganga Edmund Jelinek, aliyetumika katika kitengo cha koo kule Vienna, alipaka maji ya kokaini ndani ya koo za wagonjwa wake. Kichefuchefu kikapungua, kikohozi kikatulia, na akaweza kugusa sehemu ambazo zamani zilitaka majuma ya mazoezi. Kazi iliyoomba majuma ikawa ya dakika.

Mwaka wa 1895, munganga Alfred Kirstein wa Berlin akaenda mbali zaidi. Alitumia chombo chenye taa, akausukuma ulimi pembeni na kuona mlango wa hewa moja kwa moja, bila kioo. Wagonjwa wake walikuwa wameketi, wako macho, koo zao zimetiwa kokaini. Vyombo ambavyo leo wanganga wanatumia kupitisha mpira wa hewa, wanaviita laringoskopi, ni wajukuu wa kile cha Kirstein.

Kidole kimoja na upanga mbili

Mwanzoni mwa mwaka wa 1885, jina la Koller lilikuwa linatajwa pande zote. Kila mtu angefikiri kwamba nafasi ya kitengo cha macho ni yake. Lakini katika mwezi wa kwanza, alipokuwa zamu ya kupokea wagonjwa, kulitokea jambo lililogeuza maisha yake.

Mgonjwa aliletwa na kidole kilichofungwa sana na mpira. Damu haikupita. Koller aliogopa kidole kioze, akataka kukifungua haraka. Munganga mwingine wa zamu, jina lake Zinner, alitaka mgonjwa apelekwe katika kitengo chake kama alivyo. Koller hakungoja, akafungua ule mpira. Zinner akakasirika na kumtukana mbele ya watu, tusi la kudharau Wayahudi. Koller akampiga ngumi usoni.

Wakati ule Vienna, chuki kwa Wayahudi ilikuwa inapanda, hata katika vyuo na hospitali. Wote wawili walikuwa maofisa wa akiba katika jeshi, na kwa desturi ya maofisa, tusi kama lile na ngumi kama ile vilimalizika kwa kupigana. Sheria ilikataza, lakini desturi ilikuwa na nguvu kuliko sheria. Wakapigana kwa upanga ndani ya kambi ya askari wa farasi, bila kinga mwilini. Koller hakuumia. Zinner alikatwa kichwani na kwenye mkono.

Koller alishinda ile siku, lakini ushindi haukumpa kitu. Kesi ikafunguliwa juu yake. Nafasi aliyoitamani haikuja. Tunaweza kukumbuka mwanzo wa fujo yote: munganga alitaka kuokoa kidole cha mgonjwa, na tendo lake lilikuwa sawa.

Mkimbizi mwenye kazi ya mikono

Katika mwaka wa 1885, Koller akaacha Vienna. Alienda Utrecht, kule Uholanzi, akatumika na wanganga wawili wakubwa wa macho, Donders na Snellen. Snellen ndiye aliyetengeneza ule ubao wa herufi kubwa na ndogo ambao mpaka leo unatundikwa ukutani pale watu wanapopimwa macho.

Mwaka wa 1888 akavuka bahari mpaka New York. Pale akaanza upya, akatumika katika hospitali ya Mount Sinai na kufungua kazi yake ya macho. Akaoa, akapata watoto. Wagonjwa wake walimjua kama munganga mzuri wa macho, mtu mtulivu, asiyejisifu. Mwaka wa 1922, chama cha wanganga wa macho wa Marekani kilimpa medali ya Lucien Howe, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea. Jina lake lilipendekezwa mara kadhaa kwa zawadi ya Nobel. Hakuipata.

Freud, kwa upande wake, alibaki na uchungu kidogo kwamba uvumbuzi ulimpita karibu hivi. Lakini alikubali mbele ya wote kwamba ni wa Koller.

Koller alikufa New York tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka wa 1944, akiwa na miaka 86. Vienna aliyoiacha ilikuwa chini ya Wanazi tangu mwaka wa 1938, na Wayahudi waliobaki pale waliuawa ao walikimbia. Tusi alilotukanwa katika hospitali mwaka wa 1885 lilikuwa limekwisha kuwa sheria ya serikali.

Dawa nzuri yenye meno

Kokaini haikuleta wema tu. Rafiki wa Freud, Ernst von Fleischl-Marxow, ambaye Freud alitaka kumwachisha morfini, alishikwa na kokaini pia na akafa mwaka wa 1891. Kule New York, munganga wa kupasua William Halsted aligundua kwamba ukiichoma karibu na mshipa wa fahamu, sehemu nzima ya mwili inakufa ganzi. Alijijaribu yeye mwenyewe mara nyingi mno, na mazoea ya dawa yakamsumbua maisha yake yote. Wagonjwa wengine walikufa kwa sababu walipewa nyingi kupita kipimo.

Kwa hiyo wataalamu wakatafuta dawa zingine. Mwaka wa 1905, prokaini ikaanza kutumika kwa sindano. Ilikuwa na hatari ndogo zaidi, lakini ukiipaka juu ya ngozi laini ya pua ao ya koo, haifanyi kazi vizuri. Kwa koo, wanganga waliendelea kutumia kokaini. Mwaka wa 1943, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist kule Stockholm, inchi ya Uswidi, wakatengeneza lidokaini. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1948, kwa jina la Xylocaine. Inafaa kwa sindano, inafaa pia kwa kupaka na kupuliza, na haileti ulevi kama kokaini. Koller alikuwa angali hai ilipotengenezwa. Leo ndiyo inayotumika sana katika koo.

Wakati pumzi iko hatarini

Munganga anayetaka kumsaidia mtu kupumua anaweza kufanya njia mbili. Ya kwanza ndiyo ya kawaida: kumlalisha mgonjwa, kumpa dawa inayolegeza misuli, kisha kupitisha mpira. Ni ya haraka. Lakini tangu dawa inapoingia, mgonjwa hapumui tena mwenyewe. Kama mpira unakataa kupita na hewa ya kinyago haiingii, zinabaki dakika chache tu.

Ndiyo maana kwa watu fulani, njia ya pili ni salama zaidi. Ni mtu ambaye kinywa hakifunguki, ambaye taya limevunjwa na risasi ao ajali, ambaye shingo imeungua, ao ambaye uvimbe wa shingo umesukuma bomba la hewa pembeni. Katika Kivu, uvimbe wa shingo si habari ya mbali. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kimejulikana kwa wataalamu tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa watu wenye shingo kuvimba, sababu chakula kilikosa madini ya iyodi. Kwa watu hao, munganga anaweza kuacha mgonjwa macho, akiendelea kujipumulia, na kutia ganzi njia yote ya hewa.

Kazi inaenda hivi. Mgonjwa anaketi ao anaegemea, maana kulala chali kunazidisha kukosa hewa. Anapewa oksijeni kwa pua. Mate yanakaushwa kwa dawa ao kwa kitambaa, sababu dawa ya ganzi haishiki mahali penye maji mengi. Kisha lidokaini inatiwa polepole: nyingine inapakwa kwenye ulimi, nyingine inapulizwa nyuma ya kinywa, nyingine inavutwa kama moshi katika kinyago, namna wanavyofanya kwa watu wa asma. Lazima kungoja dakika chache ifanye kazi. Munganga anapima: akigusa nyuma ya ulimi na mgonjwa hataki kutapika, dawa imeshika. Ndipo anapotazama na kupitisha mpira. Mpira ukiwa umefika mahali pake na pumzi inapita, ndipo mgonjwa analalishwa.

Kipimo ni jambo kubwa. Dawa iliyopulizwa kooni inaingia katika damu haraka. Wataalamu wa Uingereza, katika mwongozo wa mwaka wa 2019, waliweka mpaka wa miligramu 9 za lidokaini kwa kila kilo ya mwili, bila kuhesabu mafuta. Mgonjwa wa kilo 50 asiye mnene asipite miligramu 450, hesabu ikiunganisha yote: iliyopakwa, iliyopulizwa na iliyochomwa. Dawa ikizidi, mgonjwa anasikia masikio yanalia, midomo inakufa ganzi kupita kiasi, anachanganyikiwa, na anaweza kuanguka kifafa ao moyo kusimama.

Njia hiyo haifai kwa kila mtu. Mtu aliyekwisha kuacha kupumua hana dakika za kungoja ganzi. Damu nyingi ao matapishi kooni yanaosha dawa mbele haijashika. Mtoto mdogo ao mtu anayepigana kwa hofu hawezi kutulia. Hapo munganga anachagua njia nyingine, hata kupasua shingo mbele ili hewa ipite.

Kwa jamaa ya mgonjwa, kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza: kama munganga anapulizia ndugu yenu dawa kooni na kumpitishia mpira akiwa macho, si kumtesa. Mara nyingi ni kwa sababu kumlalisha kwanza kungekuwa hatari zaidi. La pili: mwambieni munganga kilo za mgonjwa kama mnazijua, kama aliwahi kupata shida na dawa ya ganzi kwa munganga wa meno, na kama ana ugonjwa wa moyo, wa ini ao kifafa. La tatu: mtu aliyetiwa ganzi kooni, hata kama mpira umekwisha kutolewa, asipewe maji wala chakula mpaka munganga aruhusu. Koo lililokufa ganzi halilindi tena mapafu. Glasi moja ya maji aliyopewa kwa upendo inaweza kushuka mahali pasipo pake.